Gunia Kubwa au Kiazi Kikubwa?

Ukipanda kutoka Lushoto mjini, ukaupita msitu wa Magamba na kuendelea na barabara ya kwenda Mtae, unafika Lukozi, mahali ambapo baridi haina msimu na mboga hazikosekani. Kabichi, karoti, njegere, hoho na viazi mviringo hukusanywa hapo kutoka kwenye miteremko, hupangwa, hufungwa na kupakiwa kwenye malori yanayoteremka Soni na Mombo kabla ya kushika barabara kuu ya kuelekea Dar es Salaam. Lugha ya hapo ni Kisambaa na Kiswahili, na biashara inakwenda haraka. Mnunuzi akisema anataka magunia makubwa ya viazi, mpakizi anajua aanzie wapi. Akisema anataka magunia ya viazi vikubwa, mpakizi anajua kwamba sasa kazi ni ya kuchambua viazi, na gunia lenyewe laweza kuwa la kawaida tu.

Sasa tuchukue kwamba agizo limetoka kwa mwenye hoteli anayeandika Kiingereza, na amemtumia dalali maneno matatu: "large potato sacks". Kikubwa ni nini hapo? Huenda ni gunia, huenda ni kiazi. Maneno yote matatu yanaeleweka, hakuna kosa la sarufi, hakuna herufi iliyopotea, na bado dalali hawezi kujua apakie nini mpaka apige simu.

Jambo hilo si dogo kwa watu wa Lukozi. Ukubwa wa gunia ni ugomvi wa miaka mingi kati ya wakulima na wanunuzi, kwa sababu ya lumbesa: lile gunia linalojazwa hadi mdomoni, kisha likashonewa kilemba juu yake, mkulima akalipwa bei ya gunia moja kwa mzigo unaokaribia gunia moja na nusu. Wakala wa Vipimo umekuwa ukiipiga vita lumbesa na kusisitiza kikomo cha kilo 100. Kwa hiyo anayeagiza gunia kubwa na anayeagiza kiazi kikubwa wanaagiza vitu viwili ambavyo sheria inaviangalia kwa macho tofauti. Kimoja ni ubora wa mazao. Kingine chaweza kuwa kosa.

Sura hii inahusu utata wa aina hiyo: neno au fungu la maneno linalofafanua linapoweza kushikamana na zaidi ya neno moja katika sentensi, na msomaji akaachwa achague mwenyewe. Kiingereza kimejaa utata huo kuliko lugha nyingi, na kwa kuwa ndiyo lugha iliyoandikiwa sehemu kubwa ya sheria za Tanzania, Kenya na Uganda, utata wake umekuwa wetu pia.

Kinachomwokoa mpakizi wa Lukozi ni ngeli. Kiswahili humlazimisha msemaji kukiunganisha kivumishi na jina lake kwa kiambishi. Gunia liko katika ngeli ya LI-YA, kiazi kiko katika KI-VI, na kwa hiyo "vikubwa" haiwezi kulirukia gunia, wala "makubwa" haiwezi kukirukia kiazi. Hata mtu akiyapanga maneno vibaya, akasema "magunia ya viazi makubwa", msikilizaji bado anajua kwamba ukubwa ni wa magunia. Kisambaa kina utaratibu uleule, kama lugha nyingine za Kibantu.

Upatanisho huo una nguvu kuliko tunavyoufikiria. Katika milima hiyohiyo ya Usambara wanaishi Wambugu, ambao wana namna ya kusema iitwayo Kimaa, maarufu sana miongoni mwa wanaisimu duniani. Sehemu kubwa ya msamiati wake ina asili ya Kikushi, familia ya lugha iliyo mbali kabisa na Kibantu. Hata hivyo, kama alivyoonyesha Maarten Mous wa Chuo Kikuu cha Leiden katika kitabu chake cha mwaka 2003, maneno hayo yamevikwa viambishi vya ngeli za Kibantu na yanapatana katika sentensi kama Kibantu. Neno la mbali, lakini linashikamana na wenzake kwa kanuni za jirani.

Kiingereza nacho kiliwahi kuwa na upatanisho. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, vivumishi vyake vilibadilika kufuata jinsi, idadi na kazi ya jina katika sentensi. Viishio hivyo vikachakaa polepole midomoni mwa watu, na kufikia miaka ya 1400 vilikuwa vimetoweka karibu vyote. Kilichobaki cha kuunganisha kivumishi na jina lake ni mahali kilipokaa tu. Neno "large" halibadiliki liwe la gunia au la kiazi, la kimoja au la mia, la mtu au la mlima. Mwandishi wa Kiingereza hana budi kutegemea mpangilio, alama za uandishi na akili ya msomaji. Mara nyingi hiyo inatosha. Isipotosha, mtu hupoteza fedha, au kazi, au maisha.

Aliyepoteza maisha ni Roger Casement. Watu wa Kongo wanamkumbuka kwa jambo jingine: akiwa balozi mdogo wa Uingereza huko, aliandika ripoti iliyochapishwa mwaka 1904 na kuuanikia ulimwengu ukatili wa utawala wa Mfalme Leopold katika biashara ya mpira. Baadaye akajiunga na harakati za uhuru wa Ireland, na Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza alikwenda Ujerumani kujaribu kuwashawishi mateka wa Kiayalandi waigeukie Uingereza. Aliporudi alikamatwa na kushtakiwa kwa uhaini chini ya sheria ya mwaka 1351, iliyoandikwa kwa Kifaransa cha Kinormani.

Sheria hiyo ilimtaja mtu anayeambatana na maadui wa mfalme ndani ya milki yake, akiwapa msaada na faraja ndani ya milki au kwingineko. Matendo ya Casement yalikuwa Ujerumani. Wakili wake akajenga utetezi wote juu ya swali moja: "au kwingineko" inafafanua nini? Ikiwa inafafanua mahali pa kutoa msaada peke yake, basi mhaini lazima awe ndani ya milki, na Casement hakuwamo. Ikiwa inafafanua pia kule kuambatana na maadui, hana pa kutokea. Majaji wawili wa rufaa, Darling na Atkin, walikwenda wenyewe kwenye hifadhi ya nyaraka kuikagua ngozi iliyoandikwa karibu miaka 600 kabla, wakiangalia alama za mkato zilizowekwa na mwandishi wa zamani. Rufaa ikakataliwa. Casement alinyongwa katika gereza la Pentonville, London, tarehe 3 Agosti 1916, na hadi leo watu husema alinyongwa na alama ya mkato.

Katikati ya mwaka huohuo wa 1916, majeshi ya Uingereza yaliingia Usambara na kuiteka Lushoto, ambayo Wajerumani waliiita Wilhelmstal. Nyuma ya majeshi zilikuja sheria za Uingereza, zimeandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, na mzigo huo hatujautua.

Kabla ya kuufikia, inafaa kuona jinsi tatizo hili linavyoendelea kuwasumbua wenye Kiingereza wenyewe. Katika jimbo la Maine nchini Marekani, sheria ya malipo ya saa za ziada iliwatenga wafanyakazi wa shughuli kadhaa za mazao ya kilimo, nyama, samaki na vyakula vinavyoharibika upesi. Shughuli zilitajwa moja baada ya nyingine: kusindika, kugandisha, kukausha, kuhifadhi, na mwisho kabisa "packing for shipment or distribution". Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst walikuwa wakisambaza bidhaa, hawafungashi. Je, usambazaji ni shughuli ya kujitegemea katika orodha, hivyo hawastahili malipo ya ziada? Au "kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza" ni maelezo ya ufungashaji tu, hivyo sheria haiwagusi madereva?

Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ya shirikisho, kwa kalamu ya Jaji David Barron, iliona kwamba sentensi haieleweki upande mmoja, na kwa kuwa sheria yenyewe ililenga kuwalinda wafanyakazi, utata ukaamuliwa kwa faida ya madereva. Mwaka uliofuata kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5. Bunge la Maine nalo liliiandika upya orodha, safari hii kwa nukta mkato.

Mahakama Kuu ya Marekani nayo imerudi kwenye jambo hili mara kwa mara. Majaji wa huko wana kanuni ya zamani isemayo kwamba maelezo yanayokuja mwisho hufafanua neno lililo karibu nayo zaidi, yasivuke kwenda kwa yaliyotangulia. Mwaka 2003, katika kesi ya Barnhart na Thomas, mama aliyekuwa mwendesha lifti aliomba mafao ya ulemavu. Bado angeweza kuendesha lifti, lakini kazi hiyo ilikuwa imeanza kutoweka nchini. Sheria ilizungumzia kazi yake ya awali, kisha kazi nyingine yoyote, na mwisho ikaongeza maneno "iliyopo katika uchumi wa taifa". Jaji Antonin Scalia, kwa niaba ya majaji wote, alisema maneno hayo yanafafanua kazi nyingine tu. Kazi ya awali haikuhitaji kuwepo popote. Mama akakosa mafao kwa sababu alikuwa na uwezo wa kufanya kazi ambayo hakuna wa kumpa.

Lakini kanuni hiyo haisimami wima siku zote. Mwaka 2016, katika kesi ya Lockhart, majaji sita waliitumia na wawili wakaipinga. Sheria ilitaja makosa matatu ya kingono, na baada ya la tatu ikaandika "involving a minor or ward", yaani linalomhusu mtoto au mtu aliye chini ya uangalizi. Mshtakiwa aliwahi kutiwa hatiani kwa kosa dhidi ya mtu mzima. Maelezo yale yakifafanua makosa yote matatu, hakustahili kifungo cha lazima cha miaka 10. Yakifafanua la mwisho tu, alistahili. Jaji Sonia Sotomayor, akiandika kwa niaba ya wengi, alichagua la mwisho tu. Jaji Elena Kagan alipinga kwa hoja ambayo mtu yeyote anayeongea Kiingereza anaielewa: mtu akikuomba umkutanishe na mwigizaji, mwongozaji au mtayarishaji wa filamu fulani, hatafurahi ukimletea mwigizaji asiyehusika na filamu hiyo.

Miaka mitano baadaye, katika kesi ya Facebook na Duguid ya mwaka 2021, sheria ilizungumzia mashine ya kuhifadhi au kuzalisha namba za simu, kisha mkato, kisha maelezo kuhusu kifaa cha kuzalisha namba. Safari hii Jaji Sotomayor huyohuyo aliandika kwamba maelezo yanafafanua yote mawili. Jaji mmoja, lugha moja, maamuzi mawili yanayoelekea pande tofauti. Hakuna sababu ya kumlaumu. Sentensi hizo kweli zinasomeka pande zote mbili, na kanuni za kuzisoma ni msaada wa kukisia nia ya aliyeandika.

Turudi Tanzania, kwenye sentensi moja ambayo kila mwanafunzi wa sheria anakutana nayo.

Ni kifungu cha 2(3) cha Sheria ya Mamlaka ya Mahakama na Matumizi ya Sheria, Sura ya 358, iliyotungwa mwaka 1961 nchi ilipokuwa inapata uhuru. Kifungu hicho kinaieleza Mahakama Kuu itumie sheria gani pale ambapo sheria zilizotungwa nchini hazitoshi. Inaelekezwa kufuata, kwa maneno yake, "the substance of the common law, the doctrines of equity and the statutes of general application in force in England on the twenty-second day of July, 1920". Vitu vitatu vimetajwa. Cha kwanza ni sheria iliyojengwa na hukumu za majaji wa Uingereza karne kwa karne. Cha pili ni kanuni za usawa, zilizozaliwa katika mahakama nyingine ya Kiingereza ili kulainisha ukali wa ile ya kwanza. Cha tatu ni sheria za bunge lao zenye matumizi ya jumla. Mwisho wa orodha hiyo ikawekwa tarehe, ambayo ndiyo siku utawala wa Kiingereza ulipopewa mfumo wa kisheria Tanganyika.

Tarehe hiyo ni ya kitu gani?

Inaweza kuwa ya sheria za bunge peke yake. Katika usomaji huo, bunge la Uingereza lilikoma kuitungia sheria Mahakama Kuu ya Tanganyika siku ile, lakini hukumu za majaji ziliachwa zikue, na mahakama inaweza kuzifuata hadi leo. Inaweza pia kuwa ya vyote vitatu. Katika usomaji huu, sheria ya Kiingereza iliyokuja Tanganyika ni picha iliyopigwa siku moja ya Julai 1920, na lolote majaji wa London walilolisema baadaye ni ushauri tu.

Si Tanzania peke yake yenye kitendawili hiki. Sheria ya Mahakama ya Kenya ya mwaka 1967 ina sentensi ya mpangilio uleule, na tarehe yake ni 12 Agosti 1897. Tarehe ya Uganda ilikuwa 11 Agosti 1902. Ya Zanzibar ilikuwa 7 Julai 1897. Makoloni mengine ya Afrika yalipewa sentensi za ukoo huohuo, na Antony Allott, mwanazuoni wa sheria za Afrika katika Chuo Kikuu cha London, ni miongoni mwa walioujadili utata huo kwa kina.

Uzito wake unaonekana ukichukua hukumu moja. Mwaka 1928 huko Paisley, Uskoti, mwanamke mmoja alinunuliwa na rafiki yake chupa ya kinywaji cha tangawizi. Chupa ilikuwa ya rangi, haionyeshi kilichomo. Baada ya kunywa, kwa maelezo yake, mabaki ya konokono aliyeoza yakamiminika kwenye glasi. Hakuwa na mkataba na mwenye duka, maana aliyelipa ni rafiki, na hakuwa na mkataba wowote na kiwanda. Mwaka 1932, katika kesi ya Donoghue na Stevenson, Mahakama ya Mabwana iliamua kwamba mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mtumiaji wa mwisho hata kama hawajawahi kukutana. Aliyeandika hukumu kuu alikuwa Lord Atkin, yuleyule aliyekagua ngozi ya Casement miaka 16 kabla.

Mkulima wa Lukozi anayenunua chupa ya dawa ya kupulizia viazi, akakuta kiwanda kimekosea mchanganyiko na shamba zima limeungua, anasimama juu ya wajibu huo pale ambapo mkataba haumsaidii. Lakini hukumu ni ya 1932. Tarehe ya kifungu ni 1920. Ikiwa tarehe inafunga vitu vyote vitatu, hukumu ilichelewa kwa miaka 12. Mahakama za Afrika Mashariki hazikukubali kukwama hapo. Zimeendelea kuzisoma hukumu za Uingereza za baada ya tarehe hizo na kuzipa uzito wa kushawishi, na wajibu wa uangalifu umekita mizizi katika hukumu zetu wenyewe. Wapo pia wanaoegemea nadharia ya zamani kwamba majaji hawatungi sheria, wanaivumbua tu iliyokuwepo tangu awali, na kwa hiyo kilichotamkwa 1932 kilikuwa kweli tayari 1920. Nadharia hiyo inatatua tatizo kwa urahisi unaotia shaka. Jibu la vitendo limepatikana mahakamani. Jibu la sentensi halijapatikana, kwa sababu sentensi haina jibu.

Hapo Mswahili atasema: laiti ingeandikwa kwa Kiswahili, ngeli zingemaliza maneno.

Tujaribu. "Sheria za hukumu za majaji, kanuni za usawa na sheria za bunge zenye matumizi ya jumla zilizokuwa zikitumika Uingereza tarehe 22 Julai 1920." Neno "zilizokuwa" linapatana na nini? Sheria ziko katika I-ZI. Kanuni ziko katika I-ZI. Sheria za bunge, I-ZI tena. Hata hukumu zilizotajwa katikati ni I-ZI. Upatanisho uliomwokoa mpakizi wa viazi umekaa kimya kabisa, na tumebaki palepale alipo msomaji wa Kiingereza.

Hili halikutokea kwa bahati mbaya ya mfano mmoja. Msamiati wa sheria wa Kiswahili umetokana kwa sehemu kubwa na Kiarabu na Kiingereza, na majina ya mkopo huingia kwa wingi katika ngeli ya I-ZI kwa sababu haidai kiambishi mwanzoni mwa jina. Sheria, kanuni, amri, hukumu, haki, adhabu, faini, dhamana, rufaa, kesi, leseni, hati, mali, ardhi, kodi, ada: wote ni wa nyumba moja. Wapo walio nje, kama kosa, kifungu, mkataba, shauri na kiapo, lakini ni wachache mbele ya umati huo. Ukiandika "amri, hukumu na adhabu zilizotolewa na mahakama ya mwanzo", hakuna kiambishi kinachoweza kukuambia kama amri nazo lazima ziwe zimetolewa na mahakama ya mwanzo. Kwa maneno mengine, mahali ambapo tunahitaji sana msaada wa ngeli ndipo unapopungua zaidi.

Tena kuna mtego wa pili, usiohusu sheria tu. Majina ya ngeli tofauti yakiunganishwa kwa "na", wasemaji wengi huupatanisha ufafanuzi na jina la mwisho. Lukozi mtu akisema "viazi na karoti zilizooshwa", karoti zimeoshwa bila shaka. Je, viazi? Huenda vimeoshwa pia na msemaji amefuata jirani wa karibu, huenda vimeletwa na udongo wake. Kanuni ya majaji wa Marekani, ya kulifuata neno la karibu, imejificha ndani ya sarufi yetu, na haituambii zaidi ya inavyowaambia wao.

Jambo hili lina haraka sasa kuliko zamani. Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, na kazi ya kuzitafsiri sheria zilizopo iko mikononi mwa Ofisi ya Mwandishi Mkuu wa Sheria. Ni hatua njema na ilichelewa mno. Mkulima anayeshtakiwa kwa lumbesa ana haki ya kuisoma sheria inayomtia hatiani. Lakini kila sentensi ya Kiingereza yenye utata inamlazimisha mtafsiri aamue. Akitafsiri neno kwa neno, atauhamisha utata kama ulivyo, akiwa na imani kwamba ngeli zimemlinda. Akichagua upande mmoja kimyakimya, ametunga sheria mpya bila Bunge.

Kuwa na lugha mbili kunaweza pia kuwa faida, na Kanada ilionyesha. Kampuni ya Rogers ilikodi nguzo za umeme na simu kutoka kwa Aliant kwa mkataba wa miaka mitano, unaoendelea kwa vipindi vya miaka mitano mingine, isipokuwa ukivunjwa kwa notisi ya mwaka mmoja. Alama moja ya mkato kabla ya maneno ya notisi ilizua swali kama notisi inaweza kutolewa hata katika miaka mitano ya mwanzo. Mwaka 2006 mamlaka ya mawasiliano ya Kanada iliusoma mkato huo kwa faida ya Aliant, na Rogers ikakadiria hasara ya zaidi ya dola milioni 2 za Kanada. Kisha Rogers ikaleta nakala ya Kifaransa ya mkataba huohuo. Kifaransa kilisema wazi kwamba notisi ni ya vipindi vinavyofuata tu. Mwaka 2007 mamlaka ikabadili uamuzi wake. Nakala ya pili ilifaa kwa sababu haikurudia utata wa ya kwanza.

Hicho ndicho ambacho Kiswahili kinaweza kuzifanyia sheria zetu, kikiandikwa na mtu anayeujua mtego. Na dawa yake si ngumu. Chukua onyo la kawaida ambalo lingeweza kukaa kwenye chupa ya dawa ya mimea: "Do not spray on vegetables and fruits ready for harvest". Ni matunda tu ndiyo yasipuliziwe yakikaribia kuvunwa, au na mboga? Tafsiri ya haraka itasema "usipulizie mboga na matunda yaliyo tayari kuvunwa", na mkulima wa kabichi, akisikia "yaliyo", ana kila sababu ya kudhani kwamba kabichi zake hazimo. Anapulizia leo, lori linapakia kesho, na mlaji wa Dar es Salaam anakula dawa. Mtafsiri makini angevunja sentensi: "Mboga zikiwa tayari kuvunwa, usipulizie. Matunda yakiwa tayari kuvunwa, usipulizie." Limerudiwa neno, karatasi imeongezeka mstari mmoja, na hakuna anayeweza kulisoma vingine. Waandishi wa sheria wamefundishwa kuogopa marudio kwa sababu yanarefusha. Woga huo ndio uliozaa nusu ya kesi zilizotajwa hapa.

Mkulima au dalali anayewekewa mbele mkataba wa Kiingereza afanye jaribio moja kabla ya kutia saini. Atafute kila orodha iliyounganishwa kwa "and" au "or", atazame maneno yanayoitangulia na yanayoifuata, kisha aulize, kwa kila kitu kilichomo katika orodha, kama maneno hayo yanakihusu. Pale ambapo watu wawili wenye akili timamu wanajibu tofauti, sentensi iandikwe upya hapohapo mezani, wakati bado hakuna anayedaiwa.

Na kifungu cha 2(3) kinaweza kutengenezwa kwa namna hiyohiyo. Bunge likitaka tarehe ifunge vitu vyote vitatu, liiandike mara tatu. Likitaka ifunge sheria za bunge la Uingereza peke yake, liziweke katika aya yao, na hukumu na kanuni za usawa katika aya nyingine isiyo na tarehe. Sheria hiyo itakapopewa maandishi ya Kiswahili yenye nguvu kamili, ndio wakati wa kuliamua jambo hili hadharani, ndani ya Bunge, badala ya kuliachia kiambishi "zi-".

Tarehe ile imekaa mwisho wa orodha ile tangu mwaka 1961.